Malkia asiyetawala aitweje?

SWALI: Naandaa maelezo ya picha ya mchoraji Francisco de Goya, "Familia ya Carlos IV", kwa wanafunzi wangu wa sanaa. Nilipoandika "Malkia María Luisa amesimama katikati", wote walidhani yeye ndiye aliyetawala Hispania. Je, "malkia" si neno sahihi? Na yule mwanamke aliyegeuza uso, kando ya mwanamfalme Fernando, nimwite mchumba wake?

JIBU: Mwalimu, hujakosea. "Malkia" ni mwanamke aliyerithi kiti cha enzi, kama Elizabeth II wa Uingereza, na pia ni mke wa mfalme, kama Camilla. Wanaume mara nyingi hawana bahati hiyo: Philip, mume wa Elizabeth, aliishi naye miaka yote ile na hakuitwa mfalme hata siku moja. Basi mara ya kwanza andika "Malkia María Luisa, mke wa Mfalme Carlos IV". Baada ya hapo "Malkia" peke yake inatosha. "Malkia mtawala" iweke akiba kwa pale unapolinganisha wa aina hizo mbili.

Hata hivyo nawatetea wanafunzi wako, maana Goya mwenyewe ndiye aliyewaelekeza huko. Katika picha hiyo ya 1800–1801, iliyopo Makumbusho ya Prado, Madrid, mfalme ametangulia mbele kidogo lakini yuko upande wa kulia. Katikati yupo mkewe: mkono mmoja umemshika mwanawe mdogo, Francisco de Paula, na mwingine umezunguka mabega ya binti yake, María Isabel. Amepewa nafasi ya mama aliyeuzalia ufalme warithi. Nguvu hiyo ni kubwa, ila si utawala, kwa hiyo epuka "anaongoza familia". Sema "amesimama", "ameshika", "amezungukwa na wanawe". Hapo ndipo mahali pa -me-, kwa kuwa unaeleza hali ya mtu, si tendo linaloendelea.

Kuhusu "mchumba", hapana. Mchumba ni mtu aliyekwisha kuposwa. Fernando alioa 1802, na mwanamke yule huelezwa kuwa nafasi iliyowekewa bibi arusi ambaye bado hajachaguliwa, ndiyo maana mchoraji hakumpa uso. Ukoo ulishaamua kwamba mke atakuwepo kabla ya kujua ni binti wa nani! Mwite "mke mtarajiwa".