Barua kwa mwanangu: kuhusu saluni ya Ilazo

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia baada ya Isha nyumba ilipotulia. Rafiki yako anafungua saluni ya wanawake Ilazo, anataka umpe milioni nne. Kila mwezi atakupa laki mbili, na mwisho wa mwaka anakurudishia mtaji wako wote. Unachoogopa ni rasta na mawigi: je, pesa yake ni halali?

Naanza na hiyo laki mbili, maana hukuiulizia. Ukitoa pesa ukahakikishiwa itarudi yote, na juu yake nyongeza iliyopangwa, wateja waje wasije, huo ni mkopo wa riba hata mkiuita ushirika. Wale wakopeshaji wa kausha damu ndivyo wanavyofanya, ila wao hawajifichi nyuma ya urafiki.

Mnaweza kufanya mudharaba: wewe mtaji, yeye kazi, mnagawana faida kwa mafungu mliyokubaliana tangu mwanzo, tuseme arobaini kwa sitini. Hasara ikija bila uzembe wake, mtaji uliopotea ni wako, naye amepoteza jasho lake. Au nunua wewe mwenyewe viti na draya, umkodishie kwa laki mbili hiyo hiyo. Hapo kiwango maalumu kinafaa, kwa sababu unauza manufaa ya kitu chako, kama mwenye bodaboda anavyoletewa hesabu. Lakini draya ikiungua bila kosa lake, kuitengeneza ni juu yako. Hutaki kubeba hilo? Basi hujakodisha.

Sasa rasta. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwa Asma binti Abu Bakr kwamba mwanamke alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema binti yake ameolewa karibuni, ameugua surua, nywele zimemwagika; je, amuunganishie? Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishwa. Bi harusi, tena mgonjwa, na bado ruhusa haikupatikana. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia "si urembo tu jamani".

Lakini wanazuoni wametazama kinachounganishwa ni nini. Nywele za binadamu, kwetu sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ni haramu bila tofauti ya kauli, na yale mawigi ghali ya nywele za watu yamo humo. Nywele nyingine zilizo twahara, yaani safi kisheria, Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu yetu, ametaja kauli kadhaa, na iliyo sahihi zaidi ni kuwa mwenye mume anaruhusiwa kwa idhini ya mumewe. Uzi wa rangi usiofanana na nywele hauna neno. Layth bin Saad, mwanazuoni wa zamani, aliona katazo ni la nywele peke yake. Rasta za plastiki ndizo zinazosumbua, kwa sababu zinafanana na nywele, na masheikh wa leo hawana kauli moja. Mimi ningeziacha.

Kutinda nyusi pia muache. Hadithi ya Ibn Masud, ya kulaaniwa wenye kunyofoa nyusi, iko wazi.

Usiniambie wateja wengi wa Dodoma si Waislamu. Msusi ni wa saluni yenu na ujira unaingia kwenu, na aya ya pili ya Suratul Maida inakataza kusaidiana katika dhambi. Hii ni sababu nyingine ya mimi kupenda ukodishe vyombo: draya inakausha kichwa cha kila aina, mzigo wake naona ni mwepesi kuliko wa mwenye kugawana faida ya wigi.

Na kazi ya halali haikosekani. Twende kilioni, mabutu, kusuka kwa uzi, kuosha, kustimu, hina. Maharusi wa huku Kondoa wanahangaika kutafuta mpakaji hina mzuri, sembuse mjini kwenu! Piko muwe nayo makini, ile iliyochanganywa na rangi ya nywele inababua ngozi. Na pazia liwe pazia kweli, mafundi wa kiume waje wateja wakishaondoka.

Zaka: viti na draya havitolewi. Pesa utakayoiweka ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kukaa mwaka wa Kiislamu, toa asilimia 2.5.

Mkishaandikiana, nipigie picha karatasi hiyo uitume kabla hujamtumia hata shilingi.

Mama yako