Minyoo Bapa Kwenye Tangi la Kamba: Usianze na Dawa

Mtu akiniuliza ni dawa gani inaua minyoo ya kwenye tangi la kufugia kamba, humrudishia swali: mnyoo gani? Wengi wanaosakwa usiku kwa tochi hawana hatia. Wale wembamba wanaojinyonganyonga majini au kuchungulia kutoka kwenye changarawe hula mabaki tu. Vile vijidude vyeupe vya milimita moja au mbili, vyenye kichwa cha mviringo, ni minyoo bapa kweli, ila kamba hawadhuriki navyo. Ukiwaona wamekuwa wengi, jua unalisha kupita kiasi, basi.

Wa kumwogopa ni planaria, mnyoo bapa mwingine. Huyu hajinyongi, anateleza. Kichwa chake kina umbo la pembetatu na vidoa viwili vya macho vinavyomfanya aonekane ana makengeza. Mdomo wake hauko kichwani bali katikati ya tumbo, na hutoa mrija hapo akafyonza anachokula. Mpige picha kwa simu, uikuze. Bila kuona pembetatu, mimi sinunui kitu.

Kamba mzima mwenye afya kwa kawaida humkwepa. Wanaoumia ni watoto waliotoka tu kuanguliwa na yule aliyejivua gamba ambaye mwili wake bado ni laini. Kwa hiyo dalili kubwa ni majike kubeba mayai hadi yakaanguliwa, halafu watoto hawaonekani. Ukikuta kamba mkubwa amekufa na planaria wamemfunika, usiwahukumu haraka; mara nyingi wamefuata mzoga. Pima maji kwanza.

Usiwakate wala kuwaponda ndani ya tangi. Mwaka 1898 mwanabiolojia wa Marekani, Thomas Hunt Morgan, alieleza kwamba hata kipande cha 1/279 ya mnyoo huyu kiliweza kukua upya kuwa mnyoo kamili. Wembe wako utamzidishia tu ukoo.

Kazi yenyewe huanzia kwenye chakula. Planaria huingia na mimea, lakini kinachowazalisha ni mabaki. Weka chakula kinachoisha ndani ya saa chache, kinachobaki kitoe. Ila usitegemee kuwaua kwa njaa: planaria asiyekula husinyaa, akaishi miezi akiwa mdogo zaidi, na chakula kikirudi anakua tena.

Hapo ndipo mtego unapofaa. Kichupa chenye vitundu vinavyompitisha mnyoo na kumzuia kamba, kipande kidogo cha nyama mbichi ndani, taa zimezimwa kwa sababu hawapendi mwanga. Kitoe baada ya saa chache, kabla nyama haijaoza, na ukague kama kuna mtoto wa kamba aliyejipenyeza. Mtego haumalizi vita. Nautumia kwa sababu minyoo mia ikifa kwa dawa kwa mpigo na kuozea majini, amonia inapanda, na amonia huua kamba upesi kuliko planaria.

Dawa zinazotumika sana ni mbili: unga uliotengenezwa kwa popoo, na fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mbwa na mifugo. Kamba huvumilia zote mbili kwa kipimo sahihi. Konokono, hapana, hasa wale wanaofugwa ili wale mwani unaoota kwenye kioo, hao wahamishe mapema. Kwa fenbendazoli soma kila pakiti upya, maana nguvu ya unga hutofautiana, na chukua ile isiyochanganywa na dawa nyingine. Chochote chenye shaba kiache dukani. Pima kwa mizani ndogo, si kwa ncha ya kijiko. Haiyeyuki vizuri, kwa hiyo itikise kwenye kichupa cha maji ya uvuguvugu kabla ya kumimina. Toa mkaa kwenye chujio, ongeza hewa, fuata ratiba ya pakiti. Kisha nyonya minyoo iliyokufa kwa mpira wa maji, badilisha sehemu ya maji, rudisha mkaa.

Bado hujamaliza. Mayai ya planaria hukaa ndani ya vifuko vigumu, na wanaoanguliwa baadaye hawakuonja dawa. Endelea kukagua usiku kwa wiki kadhaa, na uwe na dozi ya pili tayari.

Kuhusu samaki anayekula minyoo: atawala, kisha atamalizia watoto wa kamba. Sioni faida.

Konokono nao wasirudishwe kwa pupa. Mabaki ya fenbendazoli hujificha kwenye changarawe muda mrefu hata baada ya kubadilisha maji. Tanguliza mmoja wa aina usiyoihangaikia sana, umwangalie anavyotembea na kula. Akijifungia ndani ya gamba au kulala chini bila kusogea, mtoe, badilisha maji tena, na wale wazuri waendelee kukaa walipo.