Shingo ikipinda si pepo: maswali yenu kuhusu magonjwa ya akili

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili hapa Moshi. Nimesoma kwamba Marekani kuna namna ya kuwahudumia Walatino wenye magonjwa makubwa ya akili kwa kuzingatia utamaduni wao. Wanafanya nini hasa, na kipi kinatufaa sisi?
Muuguzi, Moshi

JIBU: Walatino ni watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na sehemu nyingine za Amerika ya Kilatini. Kwa wengi wao ugonjwa ni jambo la ukoo mzima, na mama au kaka mkubwa ndiye anayeamua kama dawa itamezwa. Kwa Kihispania huitwa familismo. Hapo nadhani umeshawaona watu wa Marangu. Kwa hiyo mhudumu hodari hawatoi ndugu nje, ila humpa pia mgonjwa nafasi ya kusema naye faragha. Na hafungui faili kabla ya kuuliza hali ya nyumbani. Dakika tano za salamu humfanya mtu aseme analolificha.

Lugha ndiyo inayoharibu mengi. Mlatino anaweza kujua Kiingereza cha kazini, lakini hofu yake huisema kwa Kihispania. Akisema ana nervios, yaani mishipa ya fahamu inamsumbua, huenda ni wasiwasi, huenda ni huzuni, na pengine ni skizofrenia inayoanza, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli. Lazima aulizwe anamaanisha nini. Mtoto hafai kuwa mkalimani wa mzazi wake, kwa sababu mzazi hatatamka mbele ya mwanawe kwamba anatamani kufa. Kwetu kosa hili hufanyika kila bibi anapoletwa na mjukuu. Tena usitosheke na kumtafuta muuguzi Mchaga yeyote awe mkalimani: Kirombo na Kimachame, vyote vya Kichaga, vimeachana sana.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliweka katika DSM-5, mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili, mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni wa mgonjwa. Yaliyo muhimu unaweza kuyauliza kesho asubuhi: nini kimekuleta, ungemwelezaje ndugu yako tatizo hili, kipi kinakusumbua zaidi, unadhani limetokana na nini na watu wa kwenu wanasemaje, ulishatafuta msaada wapi. Hilo la mwisho liulize kwa sauti ileile unayoulizia umri. Ukikunja uso hutaambiwa habari za mganga wala za mizizi anayokunywa pamoja na vidonge vyako.

Kuwa mwangalifu na sauti. Mjane anayesikia marehemu akimwita wiki chache baada ya mazishi si lazima awe mgonjwa, awe Mlatino au Mchaga. Vivyo hivyo mlokole anayesema Bwana amesema naye. Uliza sauti ni ngapi, zinamwamuru nini, analala saa ngapi, anaoga, anakwenda kazini. Kisha uliza waumini wenzake wanamwonaje. Wakisema hata kwao huyu amezidi, chukua hatua.

SWALI: Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, ana skizofrenia na anatumia haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti anazosikia. Mama anataka wafunge siku saba kanisani. Baba mkubwa anasema ni wazee waliotangulia wamekasirika, na Desemba tukikutana Marangu achinjiwe mbuzi. Tulipomweleza daktari alitufokea. Tufanyeje?
Dada mtu, Arusha

JIBU: Pole sana, dada. Msigombane. Maombi yafanyike na mbuzi achinjwe, lakini dawa isikosekane hata siku moja. Mwelezeni mama kwa nini, maana hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mtu akiacha haloperidoli leo, haanguki kesho. Mara nyingi kwa siku kadhaa huonekana mzima kuliko kawaida, kwa kuwa ule usingizi na ukakamavu wa dawa vimepungua. Watu hutoa ushuhuda kanisani. Sauti hurudi baada ya wiki au miezi, na hakuna tena anayekumbuka vidonge viliachwa lini.

La pili ni hili, na linatisha kweli. Siku za mwanzo za dawa hii, au kipimo kinapoongezwa, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakageuka juu na kugoma kushuka, ulimi ukakaza. Nyumbani watasema pepo amepanda, wamkande mafuta na kumwombea usiku kucha. Ni misuli iliyokazwa na dawa. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, Mawenzi ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, popote palipo karibu, mkiwa na pakiti ya vidonge mkononi. Kuna dawa ya kuilegeza na hufanya kazi haraka. Akishindwa kupumua vizuri au kumeza mate, msingoje gari la jirani lirudi.

Kufunga: ale jioni, na maji anywe mchana kutwa. Kama kuna ndugu mwingine anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, huyo asifunge bila maji kabisa, kwani mwili ukikauka dawa hujaa kwenye damu na kuwa sumu. Mikono ikitetemeka sana, akitapika na kuyumba, ni hospitali siku hiyo. Mdogo wako asifungwe kamba wala mnyororo, awe kanisani au kwa mganga. Kuhusu mbege ya tambiko, mwoneni baba mkubwa mapema ili kijana aguse kata mdomoni kwa heshima na kuirudisha. Pombe humzidishia usingizi na huweza kuamsha ugonjwa.

Rudini kliniki pamoja na mama. Mkikuta daktari yuleyule, ombeni kwa upole kumwona mwingine au muuguzi. Ulizeni kama anafaa sindano ya flufenazini, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Inasaidia sana nyumba ambamo vidonge husahaulika. Kabla ya Desemba chukueni dawa za kuzidi siku za safari kwa wiki mbili. Na vidonge avitoe mama mwenyewe, kila jioni baada ya sala ya familia, kwa glasi ileile ya maji.