Prednisoloni: Hata Ukijisikia Mzima, Usiikate Ghafla

Prednisoloni ni dawa ya jamii ya steroidi, inayotuliza uvimbe na kinga ya mwili. Kidonge chake cha miligramu 5 ni kidogo tu, na kikikawia ulimini utakunja uso kwa uchungu wake. Mimi nilianzishiwa kwa sababu ya figo. Nilikuwa nimevimba uso na miguu, protini inavuja kwenye mkojo, daktari akaandika miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 12 kwa mpigo kila asubuhi baada ya kula. Muuza dawa alisoma cheti mara mbili, kisha akampigia daktari kuhakikisha. Alinikawiza, lakini ndivyo inavyotakiwa. Ukipewa idadi ya namna hiyo na wewe, usione haya kuuliza.

Asubuhi ina sababu yake. Mwili wenyewe hutoa kotisoli, homoni inayofanana na dawa hii, kwa wingi kuelekea alfajiri. Ukimeza jioni, usingizi unaruka. Mimi nilimeza asubuhi na bado, mwanzoni, saa nane za usiku ilinikuta nafua mapazia. Njaa nayo usiseme! Namaliza sahani ya ugali, jicho bado liko kwenye sufuria.

Kisha mashavu yakajaa, uso ukawa duara, na mtaani sifa zikaanza: "Shoga umenawiri, mume anakutunza!" Kunawiri gani, na presha inapanda? Ndiyo maana nakerwa na wanaouza deksamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo, kama dawa ya kunenepesha. Hiyo ni kali zaidi: miligramu 0.75 tu hufanya kazi sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Na anayeinunua kwa ajili ya mashavu hapimwi chochote na mtu yeyote.

Uso hurudi dozi inaposhuka. Ya kuogopa ni yale yasiyoonekana kwenye kioo: sukari, presha, mifupa kupungua nguvu, mtoto wa jicho. Kila kliniki omba upimwe sukari na presha, na ukiona kiu haikatiki na mkojo umezidi, usingoje tarehe ya kliniki. Chumvi punguza. Ukiumwa mgongo, usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Zikichanganyika na prednisoloni, hatari ya vidonda vya tumbo inaongezeka, na kwa sisi wa figo ndiyo kabisa.

Dawa hii pia hushusha kinga. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au nyumbani kuna anayekitibu, sema kabla hujaanza. Uliza na habari ya dawa ya minyoo, maana wapo minyoo wanaojificha mwilini miaka na miaka, kinga ikishuka wanazagaa. Ukitakiwa kuchanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari, mwambie mchanjaji unatumia nini, kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai.

Sasa suala la kuacha. Juu ya figo kuna tezi za adrenali, ndizo zinazotengeneza kotisoli. Zikiona dawa inaingia kila siku, zinalegeza kazi. Ukishatumia wiki tatu au zaidi kisha ukakata ghafla, unabaki huna dawa na huna kotisoli ya kutosha. Dada mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kliniki aliambiwa na ndugu zake, "Uvimbe si umeisha? Madawa ya nini tena?" Akaacha. Alirudishwa amebebwa, anatapika, presha iko chini, hana nguvu ya kushika kikombe. Alipona, kwa kuwa waliomleta walikumbuka kutaja dawa aliyokuwa akitumia.

Dozi hushushwa kidogo kidogo, na anayepanga ni daktari. Mimi nilichora kalenda nyuma ya mlango wa kabati, nikawa nafuta kila siku, kwa sababu vidonge vinavyobadilika idadi vinachanganya kweli. Ukisahau dozi moja, usimeze dozi mbili kwa mpigo kesho yake. Zikibaki za siku chache, nenda kanunue mapema. Duka la dawa huweza kuishiwa.

Wanaofunga Ramadhani waongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, asije mtu akaruka dozi kimyakimya. Kwenye pochi weka karatasi yenye jina la dawa na dozi, maana ukipata ajali au upasuaji huenda ukahitaji nyongeza ya dozi. Na ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie unatumia prednisoloni, wakuangalie kama unahitaji sindano ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli.