Maswali ya Wasomaji: Wapagazi wa Ujiji Tuwaimbe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Ujiji. Wageni huja kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, lakini wapagazi waliowabebea mizigo hawatajwi. Tunaandaa hafla ya mashairi, hadithi na nyimbo kuwahusu. Tuanzie wapi?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, anzeni na wimbo, kwa kuwa upagazi wenyewe ulikwenda kwa nyimbo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, katika eneo la Unyanyembe, hadi huko kwenu iliongozwa na kirangozi, aliyetangulia akiwa na manyoya kichwani, akaanzisha wimbo na wenziwe wakaupokea, kila mmoja na mzigo wa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na wanawake nao walisafiri, wakibeba vyungu na watoto. Waombeni wazee mahadhi wanayoyakumbuka, kisha wanafunzi watunge maneno yao na kusema wazi kwamba ni yao. Mfano wangu ni huu:

Toka kwetu Unyanyembe,
Mabegani pana pembe,
Mola wetu tukuombe,
Hadi pwani tufikiye.

Hadithi iwafae watu wanaojulikana kwa majina. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873, wakapita Unyanyembe na kufika Bagamoyo mapema mwaka 1874. Asiyejulikana jina msimbandikie la kubuni kisha mkaliita historia. Aitwe mpagazi, na uchovu wake usimuliwe kwa heshima ileile.

Utenzi nao una nafasi ya kufuatilia miaka, na hapo ndipo ninapowasihi msifanye haraka. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilitazamiwa kuwa mizigo ingeshuka mabegani mwa watu, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoanza mwaka huohuo viliwarudisha maelfu ya wanaume chini ya mizigo, safari hii kwa kulazimishwa, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Beti hizo ziandikwe na wanafunzi wakubwa, na kabla ya hafla zisomwe mbele ya wazee, ili wapate nafasi ya kusahihisha.