Kabla hujaezua paa lote, panda darini mwenyewe

Mkuu, umesema nyumba iko Tanga, ina miaka sita, bati juu ya kenchi (fremu zinazobeba paa) za mbao za paini, na sasa kuna unga unadondoka kitandani kutoka darini. Fundi amekwambia paa lote liezuliwe, mbao zinunuliwe upya. Usikubali bado. Mimi nipo Kigamboni tangu 2009, bahari naisikia nikiwa nimelala, na paa langu limeshanila hela za kutosha hadi nikalifahamu.

Anza na huo unga wenyewe. Uchukue kwenye kiganja, usugue kwa vidole. Ukiwa laini kama unga wa ngano, hao ni dumuzi, wadudu wadogo wanaotoboa mbao, na ukipanda utaona vitundu vidogo vya duara kwenye mbao. Ukiwa punje punje, kama mchanga au mbegu ndogo sana, huo ni uchafu wa mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo kabisa. Anakuja akiruka kipindi cha kumbikumbi, anaingia kwenye ufa wa mbao na kuhamia humo na ukoo wake. Halafu kuna mchwa wa ardhini, ambaye hadondoshi unga. Ukimwona utaona njia zake za udongo zinapanda ukutani, mara nyingi nyuma ya kabati au pembeni ya bomba. Watatu hao dawa yao si moja, na ndiyo maana fundi anayesema "mchwa hao, toa zote" bila hata kuleta ngazi simwamini.

Sasa panda na tochi, bisibisi na fagio. Gonga mbao moja moja kwa mpini wa bisibisi. Nzima inalia kavu, iliyoliwa inatoa sauti ya debe. Palipo na shaka choma kwa ncha: ikizama kama kwenye keki, hapo pameisha. Ukimaliza, fagia unga wote, weka alama kwa chaki, rudi baada ya wiki mbili. Kama hakuna unga mpya, huenda wadudu walishaondoka zamani na ule uliobaki ulikuwa unatikiswa tu na upepo. Mimi niliwahi kulipia dawa ya kupuliza dari nzima, kumbe shida yote ilikuwa papi tatu, zile mbao za kulala juu ya kenchi zinazoshika bati, juu ya chumba cha watoto.

Kenchi ikiwa imeliwa kipande si lazima itolewe yote. Weka nguzo ya kuitegemeza kwanza, kisha pachika mbao mpya ubavuni, ipite sehemu mbovu kwa nusu mita au zaidi kila upande hadi ishike mbao nzima, ufunge kwa bolti na nati, si misumari peke yake. Misumari ile ya kawaida kwa hewa yetu ya chumvi inaoza ndani ya mbao huku kichwa kinaonekana kizima.

Lakini wadudu mara nyingi wanafuata kitu kingine, nacho ni maji. Hili ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Mbao ikikaa kavu, unyevu wake chini ya asilimia 20, kuvu haioti, na mchwa wa ardhini naye haipendi sana. Mwaka 2014 niliweka dari ya jipsam, nikaziba upenu wote, ule uwazi chini ya ukingo wa paa, kwa mbao zilizobanana vizuri, nikajisifu nyumba imependeza. Masika iliyofuata chumba kikaanza kunuka kama gunia lililolowa. Nikapanda: papi zina ukungu mweusi, na bati halivuji hata tone! Lilikuwa linatoa jasho. Usiku bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, unyevu unagandamana na kuwa matone, na kwa kuwa nilishaziba kila mahali, hewa haikuwa na pa kutokea. Nilitoboa upenu pande zote mbili, nikaweka wavu wa chuma ili popo wasiingie (kinyesi chao kinashika unyevu vibaya, na harufu yake mke wangu hajaisahau hadi leo). Miezi michache mbao zikakauka. Dawa sikupaka hata lita moja.

Kuhusu kuvuja: doa kwenye dari halimaanishi bati limetoboka juu yake. Maji huingia juu, yanateleza kwenye papi, yanadondokea mbali. Panda mchana wa jua kali, ukae gizani dakika tano bila tochi. Kila tundu litaonekana kama nyota. Mengi yatakuwa kwenye misumari, kwa sababu mpira wake unapasuka kwa joto, na mbao za paini zilizopigwa zikiwa mbichi zinasinyaa na kuuachia msumari. Usiugongee tena kwenye tundu lile lile, weka skrubu nene kidogo yenye mpira mpya. Angalia na kofia za paa, yale mabati yanayofunika mgongo wake.

Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, nayo huwa ya kwanza kuoza. Kwangu ilioza kwa sababu bati liliishia sawasawa na ubao, maji yakawa yanarudi nyuma, na gata limejaa majani ya mwembe wa jirani. Bati litokeze kama inchi mbili.

Kuna watakaokwambia upake oili chafu. Nilipaka. Oili inabaki juu juu, mdudu aliye ndani haimfikii, ukiipaka kwenye mbao yenye unyevu unaufungia humo humo, na umeongeza kitu cha kuwaka moto karibu na nyaya za umeme. Kama unanunua mbao mpya, tafuta zilizotiwa dawa kwa mgandamizo, yaani imesukumwa hadi ndani, zile zenye rangi ya kijani zinazoletwa kutoka Mafinga. Mwambie muuzaji akate kipande cha mwisho mbele yako. Kijani kikiwa kwenye ngozi tu na ndani kweupe, zilichovywa tu. Na fundi akikata mbao kwenye eneo la kazi, ile ncha iliyokatwa ipakwe dawa tena kabla haijapanda, maana hapo ndipo mlango umefunguliwa. Vipande vinavyobaki visiende jikoni kuwashia moto. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, na moshi wake na majivu ni sumu.

Ncha inayokaa juu ya ukuta nayo iangalie sana. Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar utakuta boriti za mikoko zimebeba dari kwa vizazi, na nyingi zinazokufa zinaanzia pale zilipozama ukutani, ambako chokaa haikauki. Kwangu nimeweka nailoni nzito, ile ya kwenye msingi, kati ya tofali na mbao.

Mimi napanda mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Saa moja inatosha, ila panda alfajiri, saa sita mchana dari linaweza kukuangusha kwa joto. Ule ukaguzi wa matundu ufanye haraka na kuna mtu chini ameshika ngazi. Na usikanyage jipsam, kanyaga mbao.

Ukishapanda, tuambie unga ni laini au punje, na kama upenu wako umezibwa. Piga picha ya kona ya darini juu ya jikoni na juu ya bafuni kwanza, huko ndiko mvuke hupanda zaidi.