Waacheni Wasielewane

*Shikamoo Mwalimu. Kibandani hapa Mwanjelwa tumeangalia filamu ya Lost in Translation. Mwongozaji wa Kijapani anamwagia mwigizaji wa Kimarekani maneno kibao, mkalimani anatoa sentensi moja. Kijapani chote hakina maandishi chini. Nakala yetu mbovu?*

Marahaba. Nakala ni nzima. Sofia Coppola aliiacha hivyo makusudi mwaka 2003, ili nawe uduwae Tokyo kama yule Mmarekani aliyekwenda kutangaza wiski. Kinachoniuma ni mazoea ya vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu: mhusika akinyamaza tu, mtafsiri anajazia maneno yake. Watafsiri nawaheshimu, wamewafungulia filamu wengi wasiojua Kiingereza wala Kichina. Lakini kwenye filamu hii, kila pengo wanaloziba ni kipande cha hadithi kinachopotea. Mwenye kibanda akiweka iliyotafsiriwa, dai kiingilio chako.

*Mwishoni mwa Lost in Translation, yule mwigizaji anamnong'oneza nini msichana? (Tunduma)*

Haisikiki, na Coppola aliamua kuiacha hivyo. Nimeshajibu mara nyingi, msiniulize tena.

*Nataka filamu ya namna hiyo niangalie na bibi. Hajui Kiingereza. (Tukuyu)*

City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Muuza maua kipofu anasikia mlango wa gari ukifungwa, anaamini aliyesimama mbele yake ni tajiri. Kumbe ni fukara asiye na pa kulala. Mkanganyiko wote unazaliwa na mlango ule, nasi tunaujua kwa macho tu, maana hakuna mazungumzo. Maandishi machache yanayotokea msomee bibi, kisha nyamaza.

*Naandaa filamu fupi ya kijana wa Kilolo anayeshuka stendi ya Mbezi, Dar. Aongee Kihehe? (Iringa)*

Aongee, mdogo wangu, tena usiweke maandishi chini. Asalimie "kamwene" kwa mazoea, mpiga debe adhani ametaja kituo, amsukumie kwenye daladala. Mwache apotee na heshima yake. Nimechoshwa na filamu zetu ambamo mtu wa mikoani kazi yake ni kuchanganya r na l ili watu wacheke. Anayejua lugha mbili akakwama kwenye ya tatu si mshamba. Mpiga debe naye mpe haki yake: amekesha, anatafuta hela ya kula, hana muda wa kuuliza mara mbili. Hapo wote wawili wana sababu, na ndipo filamu inapouma.

Ruhusa ya kupiga picha stendi iombe mapema, na abiria usimrekodi usoni kwa kificho.